Zimwi Lililotaka Litajwe Peke Yake

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mji!

Tuonyeshe njia twende!

Basi, mji huo uliitwa Mawembe, na humo alikaa mjane mmoja mfinyanzi, jina lake Mbodze. Kila akitaka kuchoma vyungu vyake, alimwomba Mungu kwa maneno aliyofundishwa na mamake. Hakuna aliyemuuliza anaomba vipi, naye hakumuuliza mtu.

Siku moja mto ukakauka. Zimwi likashuka mlimani, likamwambia mfalme, "Maji nitawapa. Lakini katika sala asitajwe mwingine. Nitajwe mimi peke yangu."

Mfalme, koo limemkauka, akakubali. Maji yakaja. Mbiu ikapigwa: "Dini ya mji ni moja! Asiyelitaja Zimwi, ataliwa!"

Watu wakalitaja, huyu kwa imani, yule kwa woga. Mbodze hakulitaja.

Askari wakaja, wakavunja vyungu vyake. Hakulitaja. Wakaja tena, wakabomoa tanuri lake. Hakulitaja. Mara ya tatu akaja Dzombo, nduguye wa tumbo moja, ndiye mkubwa wa askari hao.

"Dada, ulimi hauna mfupa. Litaje mara moja tu, kwa mdomo. Moyoni baki na Mungu wako."

"Wewe ulilitaja kwa mdomo?"

Dzombo akainamisha kichwa. "Nilianza hivyo. Sasa, dada, naliamini kweli."

"Basi nifunge, ndugu yangu."

Akamfunga kamba, akampeleka mlimani. Zimwi likammeza mzima mzima.

Tumboni mlikuwa na giza na watu tele: walioomba kwa mizimu ya babu zao, walioomba kwa vitabu, walioomba kimya. Na humo humo tumboni walikuwa wakigombana. "Ni makosa yenu nyinyi yaliyotuleta humu!" "Ni yenu!"

Mbodze akaketi. "Mimi naomba kwa maneno ya mamangu. Anayetaka kuomba kivyake, na aombe."

Akaanza. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Mara tumbo zima likavuma kama mzinga wa nyuki. Zimwi likaziba masikio, likalia:

"Nani huyo, nani huyo,
anayetaja mwingine ndani yangu?"

Tumbo likajibu kwa sauti mia. Zimwi likavimba, likavimba, likavimba, likapasuka pwaa! Watu wakatoka wazima.

Lakini ubaya haukuishia hapo, wajukuu zangu.

Mfalme akapiga mbiu mpya: "Kuanzia leo mji wote utaomba kama Mbodze! Asiyetaka, afukuzwe!" Waliotoka tumboni wakashangilia, maana Mbodze ndiye aliyewaokoa. Wakamkamata Dzombo, wakamburura mpaka barazani.

"Sema sala ya dadako! Sema, au tutakupiga mawe!"

Dzombo akatikisa kichwa kukataa.

Mbodze akapenya katikati yao. "Alinifunga kamba, mshtakini kwa kamba. Moyo wake si shauri la baraza."

"Mama," mfalme akasema, "si ni dini yako tunayoipa nguvu?"

"Maneno yale niliyasema kwenye tanuri langu, nikayasema tumboni mwa Zimwi. Mkimpiga mtu kwayo, hayatakuwa ya mamangu tena."

Watu wakamzomea. Mmoja aliyetoka naye tumboni akamtemea mate. Lakini mfalme akaifuta mbiu yake: angelazimishaje watu sala ambayo Mbodze mwenyewe anakataa ilazimishwe?

Dzombo akafungwa mwaka mzima kwa aliyoyatenda. Kila asubuhi Mbodze alimpelekea uji, akangoja amalize, akachukua kibuyu chake akaenda zake. Habari za sala hawakuulizana.

Hadithi yangu imechoka kutembea, nayo imeketi hapo. Mafunzo yake ni haya: imani ya kulazimishwa si imani, na aliyeonewa jana asidhani leo ni zamu yake ya kuonea.