Kwa Nini Kwemsala Hawatii Mafuta Kwenye Mboga Kabla ya Mavuno

Haya, endeleeni kuchambua huo mnavu, ila masikio nipeni mimi. Na wewe uliyekunja uso ukiuliza mafuta yako wapi, sogea karibu kabisa.

Hapo kale, hapa Kwemsala hakuna aliyejua ladha ya mboga. Majani yalikuwa kisingizio tu cha kunywa mafuta ya ufuta. Mgeni alichovya tonge, akainua mkono, na watu wote wakatazama: mafuta yasipotiririka hadi kwenye kiwiko, mwenye nyumba aliitwa bahili mpaka anazikwa. Nani angetaka aibu hiyo? Basi kila mama alimimina, akamimina tena.

Aliyeyapenda mafuta kuliko wote alikuwa Semhando, mpiga ngoma ya mavuno. Siku hizo, kama leo, hakuna aliyekata suke hata moja kabla ngoma haijalia kule kilimani, nayo sharti ilie jua linapochomoza. Semhando aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mkwiro, ile fimbo ya kupigia, aliurithi kwa baba yake. Lakini mwili ulikuwa umemwelemea. Mwaka mmoja alipumzika mara saba njiani, anahema, anajishika kiuno, na jua likamkuta nusu ya mlima. Wazee hawakumung'unya maneno: akichelewa tena mwakani, mkwiro atapewa mwingine.

Semhando alirudi nyumbani akalia, mtu mzima yule. Mkewe, Mnyamisi, alimwacha amalize.

"Baba Mhina, kuanzia leo mafuta basi. Utakula mboga kwa chumvi."

"Majani matupu? Kwani mimi nina pembe, Mama Mhina?"

"Pembe huna. Kitambi unacho. Kula."

Siku tatu alitafuna amefumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa. Siku ya nne uzalendo ukamshinda. Alijaza mafuta kwenye kibuyu, akaanza kutafuta pa kukificha. Sasa, ngoma yetu ikiwa nyumbani hufudikizwa, ngozi chini, uwazi wake juu, na haigusi mtu ila mpigaji. Mnajua alichofanya? Alikitumbukiza kibuyu humo humo ndani ya ngoma! Kila Mnyamisi alipokwenda kisimani, Semhando alikuwa na shughuli na ngoma yake. Mkewe alishangaa mume anakula majani miezi yote hiyo na bado ananenepa.

Mwezi mmoja kabla ya mavuno, watu walikusanyika kuijaribu ngoma. Semhando alikuwa ameshakitoa kibuyu alfajiri, akijiona mjanja. Akainua mkwiro, akapiga. Pwata! Akapiga tena. Pwata! Kumbe kibuyu kilikuwa kikivuja siku zote, ngozi imelewa mafuta, imelegea tepetepe. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Wazee hawakucheka. Semhando alitamani ardhi ipasuke, lakini akajikaza, akasimama mbele yao akaeleza yote, hadi siku alizoramba kizibo.

"Tutawamba ngozi mpya," mzee mmoja akamwambia. "Ikauke, nawe ukauke pamoja nayo. Siku ikifika usipofika kileleni, usitulaumu."

Safari hii aliacha kwelikweli. Mnyamisi naye akamwonea huruma, akaacha kumchemshia tu. Vitunguu alivichoma kwenye majivu. Nyanya aliziacha ziyeyuke zenyewe chunguni kwa moto mdogo, kisha akatia majani, pilipili ya kuponda na limau mwishoni. Wiki ya pili Semhando alikuwa akila majani ya maboga, mara taya likasimama.

"Mama Mhina, leo umetia asali?"

"Sijatia kitu. Ndivyo yalivyo."

"Siku zote?"

"Siku zote, mume wangu. Wewe ulikuwa unayazamisha."

Weee! Kuanzia hapo hakushikika. Asubuhi yuko bondeni anachuma mwenyewe, jioni anawaeleza majirani uchungu wa mchunga unavyogeuka utamu ukishameza. Majirani walidhani amerogwa. Lakini waliona anavyopanda ngazi ya ghala bila kushika ukuta.

Siku ya mavuno aliibeba ngoma kichwani, akapanda kilima bila kutua hata mara moja. Jua lilipotoa ukingo tu, ngoma ikalia, na bonde zima likaitika kwa vigelegele. Mnyamisi alilia machozi waziwazi wala hakujificha.

Kwenye karamu, watu wakamletea zawadi: bakuli la mboga lililojaa mafuta hadi juu, maana amevumilia vya kutosha. Semhando akachovya tonge, akatafuna, akatafuna tena. Akachungulia ndani ya bakuli.

"Jamani, mboga yenyewe iko wapi?"

Wakacheka, kisha mmoja akaonja mboga ya Mnyamisi, na wa pili, na wa tatu. Chungu kikafutwa kwa vidole.

Na tangu siku hiyo, kila mwaka ngozi mpya ikishawambwa, nyumba zote za Kwemsala hupandisha kibuyu cha mafuta darini, na mboga hupikwa hivi hivi mnavyoona. Ngoma ikilia, kibuyu huteremshwa, huwekwa katikati ya mkeka, na anayetaka ajimiminie, hakatazwi. Karamu ikiisha, akina mama hukirudisha darini kingali kimejaa.