Somo wa Binti Kombo

Sogeeni karibu, ila msiniamini upesi. Kisa hiki hunitia wasiwasi mimi mwenyewe kila ninapokisimulia.

Katika mji mmoja wa baridi huko Marekani walikuwepo wanawake watatu wanaozungumza lugha yetu. Bi Tima wa Lamu alijaliwa masikio: ukimpigia simu, husikia hata kijiko kinachoanguka jikoni kwako. Akoth, wakili, alijaliwa kalamu nyepesi. Na Faida, Mkongomani, askari wa jela, alijaliwa macho: sura aliyoiona mara moja haisahau.

Jirani yao alikuwa Kombo, mpishi wa hoteli, na mkewe Mwanaidi, mjamzito wa kukaribia kujifungua. Kila mwaka Kombo alikwenda kuripoti ofisi ya uhamiaji, na kila mwaka aliambiwa, "Nenda, urudi mwakani." Mwaka huu alisita. Bi Tima akamwambia, "Nenda, mwanangu. Mtu mwema hakimbii ofisi." Akaenda. Hakurudi.

Mwanaidi akapiga simu. "Hayuko kwetu, uliza kule." Kule wakamwambia aulize huku. Mwanamume mzima amepotea baina ya meza na meza! Na msidhani palikuwa na hakimu wa kumlilia, maana mahakimu wa uhamiaji wameajiriwa na serikali ile ile iliyomkamata. Hiyo ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Aliyebaki ni jaji wa mahakama ya shirikisho, ambaye akishateuliwa hafukuzwi na wakubwa wa ofisi. Lakini naye ana sharti lake: ombi lipelekwe kwenye mahakama ya mahali mfungwa alipo. Likiwahi kabla hajahamishwa, jaji yule anabaki na kesi hata mtu apelekwe wapi. Likichelewa, umeula wa chuya. Utaanza upya huko mbali. Wale wa ofisi wanalijua sana sharti hili. Ndiyo maana, nadhani mimi, mabasi yao hayapoi injini.

Mwanaidi akaapa mbele ya majirani: "Atakayenirudishia mume wangu ndiye somo wa mwanangu." Kwa watu wa pwani, somo si wa kumpa mtoto jina lake tu. Wazazi wakiondoka, yeye ndiye mlezi.

Siku moja Kombo akapata simu ya kuazima. "Wamenihamisha usiku, sijui niko wapi, Mwanaidi. Wanasema leo tunapandishwa basi kwenda kusini." Ikakatika. Mwanaidi akaangua kilio. Bi Tima, aliyekuwa ubavuni pake, akasema, "Nyamaza. Nyuma yake kipaza sauti kimeita askari wa jela ya Milbruki. Nimesikia."

Akoth akaketi kuandika. Chai ikapoa mbele yake, hakuinua kichwa. Ombi likafika mahakamani kwa kompyuta kabla ya adhuhuri.

Mbele ya jaji, wakili wa serikali akasimama akitabasamu. "Mheshimiwa, ombi limechelewa. Basi lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka wa jimbo." Jaji akauliza, "Nani anaweza kusema vinginevyo?" Akoth akamwita Faida, askari wa jela ile ile ya Milbruki. Faida akasema, "Nilimuona na macho yangu. Adhuhuri ile Kombo alikuwa ndani bado, mimi ndiye niliyempelekea chakula." Tabasamu likamtoka wakili wa serikali. Faida naye akafukuzwa kazi.

Jaji akaamuru Kombo aachiliwe wakati kesi ikiendelea. Alifika nyumbani akamkuta binti yake amekwisha zaliwa, hajapewa jina. Wanawake watatu wakaitwa. Kombo, ambaye jela ilikuwa imemfundisha kutomwamini mtu, akaanza kuuliza.

"Bi Tima, ni wewe uliyenisukuma niende."

"Nilidhani nakushauri mema, mwanangu."

"Mbona mwanao alipoitwa na ofisi ile ile, ulimficha kwa shangazi yake?" Bi Tima akainamia ushungi wake.

"Na wewe wakili, mke wangu alikupigia simu siku nyingi hukupokea. Ulipokea pale tu waandishi wa habari walipoanza kuuliza."

"Nina wateja wengi, Kombo. Na je, nilichelewa?"

"Na wewe, Faida. Asubuhi ile nani alinifunga pingu za safari?"

"Ni mimi," akasema Faida. "Ilikuwa kazi yangu. Nilijua basi linakuja, nikanyamaza. Nilisema siku niliyoulizwa."

Mimi nimewapima wote watatu, na sina raha na hata mmoja. Lakini angekosekana mmoja wao, Kombo asingekuwa pale akiwahoji.

Sasa sikilizeni. Wiki ijayo Kombo anatakiwa kuripoti tena ofisi ile ile, na safari hii wamesema aje na mkewe. Mtoto hatakwenda nao. Mwanaidi amempakata mlangoni, analia, na wanawake wote watatu wamenyoosha mikono kumpokea.

Haya, nyinyi mliokaa hapa: mtoto angekuwa wako, ungemweka mikononi mwa nani?