Cherehani ya Dada Pendo

Sogeeni, na nyinyi wenye vyeti sogeeni pia. Mimi shule niliiaga darasa la sita, lakini fumbo ninalowategea leo limewatoa jasho mawakili.

Palikuwa na ndugu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mghoi, dada yao kifungua mimba, hakuwahi kutupa kitu. Hata kamba ya gunia aliikunja akaiweka. Righa, fundi wa simu, aliweza kuifuata barua pepe hadi mlangoni ilikotoka, hata ikijifunika baibui. Mwakio, kitinda mimba, alikuwa na ulimi: angekuuzia kivuli chako mwenyewe, nawe ukamwomba akufungie vizuri.

Mama yao, mshonaji, alikuwa hoi kitandani. Mghoi ndiye aliyemuuguza na kumsomea simu. Kila asubuhi iliingia barua pepe ya mtu aliyejiita Dada Pendo, wa duka la cherehani mjini: "Leo ni siku ya mwisho. Njoo dukani uchukue cherehani yako ya zawadi." Mama hakukubali ifutwe. Barua ya mtu hujibiwa, alisema. Basi Mghoi akawa anaandika anavyoambiwa: salamu tumepata, Dada Pendo, utuwie radhi, mwanangu atakuja akipata nafasi.

Siku ya arobaini na moja mama akasema, "Nenda, Mghoi. Tumemngojesha mno dada wa watu."

Mghoi akashuka mjini. Dukani wakamwambia lile ni tangazo tu, cherehani ya bure haipo. Aliporudi, majirani walikuwa wamekwisha kumfunika mama uso. Kesho yake, kaburi likichimbwa, simu ikalia: leo ni siku ya mwisho. Mghoi akaisoma kama mtu anayeguswa ufizi uliodungwa ganzi. Akaiweka pamoja na zile nyingine.

Sasa, kaunti yao ilikuwa imepitisha sheria: atumaye barua pepe ya udanganyifu atoe alichoahidi. Ndugu wale wakalishtaki duka. Wakili wa duka akatabasamu. Sheria ya taifa inaruhusu matangazo, alisema, kaunti haina kauli. Tena barua pepe haimuumi mtu; asiyeitaka aifute.

Hakimu akajibu, "Tangazo kaunti haiwezi kulizuia. Uongo inaweza. Nionyesheni uongo."

Mghoi akatoa simu. Barua arobaini na mbili, kila moja ikiapa ni siku ya mwisho, na chini yake majibu ya mama, salamu na radhi. Aliyasoma yote kwa sauti ileile, kama anayesoma orodha ya viazi. Bila yeye, ushahidi usingekuwapo.

Wakili akageuza maneno, akasema huyo Dada Pendo dukani hawamjui. Righa akazivua baibui zile anwani za barua, moja baada ya nyingine, hadi ikabaki kompyuta ya duka lenyewe. Bila yeye, mshtakiwa asingekuwapo.

Haya, wakili akasema, lakini hayo ni maneno ya biashara tu. Mwakio akasimama. "Mheshimiwa, mwenye duka akisema kitambaa chake ni kizuri, hiyo ni biashara. Akisema leo anafunga, halafu kesho ukamkuta mlangoni anakuita tena, mara arobaini na mbili, hiyo tuiite nini?" Hakimu akaweka kalamu chini, akaamuru duka litoe cherehani. Bila Mwakio, hukumu isingekuwapo.

Wiki iliyofuata dereva wa duka akaleta cherehani. Moja. Na karatasi ya kupokelea ilikuwa na nafasi ya jina moja, la mwenye mali.

"Kuweka barua hata kabati linaweka," Righa akasema, "na ulimi hata kasuku anao." Mwakio akamjibu kwamba bila ulimi huo angekuwa bado anamwonyesha hakimu namba zake. Walipochoka kutupiana maneno, wakamgeukia mkubwa wao.

"Dada, andika jina. Utakaloandika tutalikubali."

Mghoi akashika kalamu. Akaitazama cherehani, bado imo ndani ya nailoni. Akatafuta furaha moyoni, akatafuta hata hasira, hakupata kitu. Akiandika jina lake, amepokea malipo ya saa ile aliyokuwa mjini. Akiandika la mwingine, saa ile imekwenda bure.

"Usijali, dada," dereva akasema. "Kama hamjaamua, hata kesho nitarudi."

Mwacheni dereva aegemee mlango. Mmoja aliweka, mmoja alifichua, mmoja alisema, na kalamu bado iko hewani. Haya, wewe mwenye vyeti, na wewe usiye navyo kama mimi: ungeandika jina la nani?