Besi ya Baba Winny

Wahenga hawakuwa na magari, na hata wangekuwa nayo, sijui kama wangefunga wufa, ile spika kubwa ya besi, kwenye buti. Hata hivyo, waliposema kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake, naapa walikuwa wakimsema Zedekiah wa mtaa wa Ziwani kabla hata babu yake hajazaliwa. Maana ya methali hii ni kwamba kila mtu atumie uwezo na njia inayomfaa yeye, asimwone jirani akipaa naye akajirusha kutoka mtini.

Zedekiah alikuwa karani mstaafu wa reli, mtu wa miraba minne, mwenye gari dogo jeupe alilolitunza kama mboni ya jicho lake. Mbali na gari hilo alijivunia mambo mawili: binti yake Winny, na sauti yake nzito aliyoimbia besi katika kwaya ya kanisa. Kwamba sauti ile iliwafunika wenzake wote haikumkosesha usingizi.

"Teremsha sauti kidogo, Baba Winny," mkewe Norah alizoea kumnong'oneza kwaya ikiimba. "Na wengine wana midomo."

Harusi ya Winny ilipokaribia, akina mama wa mtaa walitaka kumsindikiza kwa wimbo kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa kanisa, kama walivyosindikizwa wao. Lakini kanisa lilikuwa mbali, katika mtaa wa Fedha. Nani angetoka Ziwani hadi Fedha kwa miguu, akiimba, tena kwa viatu vya harusi? Basi wakakusanyika sebuleni kwa Norah, wakaurekodi wimbo kwenye simu ili upigwe ndani ya gari la bibi harusi. Zedekiah aliamriwa akae jikoni, anyamaze. Kukaa alikaa. Kunyamaza kulimshinda, ubeti wa pili ulipoanza alijiunga kwa besi kupitia mlango uliokuwa wazi. Akina mama walivunjika mbavu kwa kicheko baadaye, ila wimbo ukabaki hivyo hivyo.

"Nitakuendesha mimi mwenyewe," alimwambia Winny. "Ndiyo safari yangu ya mwisho nawe ukiwa binti wa nyumba hii. Na wimbo wa mama zako utausikia barabara."

Spika za gari lile zilikuwa zimezeeka, zikilia kama mbu. Ndipo Zedekiah alipoamua kufunga wufa, na ndipo jicho lake lilipomwangukia Phares, jirani aliyepiga muziki katika sherehe. Gari la Phares lilikuwa kubwa, na wufa yake ilitikisa madirisha ya mtaa mzima.

Huko soko la Gikomba, fundi Nzivo aliyeunda maboksi ya spika alimwuliza swali moja tu. "Mzee, utapiga nini humo?"

"Wimbo wa akina mama."

"Basi chukua boksi lililozibwa kote. Hewa ikifungiwa ndani inaishika spika isirukeruke. Besi inatoka fupi, safi, na maneno ya watu yanasikika. Tena halitaki nafasi kubwa."

"La Phares lina tundu," Zedekiah alisema.

"La Phares lina tundu, na ni kubwa kama kabati. Hewa inapopita tunduni hunguruma, ndiyo maana mlio huongezeka. Lakini buti lako linameza boksi dogo tu, na boksi dogo lenye tundu litakubwekea, mzee wangu."

"Nzivo, nimeimba besi tangu ukinyonya. Leo wewe unifundishe besi? Toboa!"

Nzivo akacheka, akatoboa tundu, akachomeka bomba la kupitishia hewa. Mwenye gari kasema.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya harusi, Zedekiah aliwaita majirani wasikie. Winny akaketi kiti cha nyuma na mama yake. Zedekiah akawasha muziki, akakunja mikono kwa fahari.

Vuuum! Vuuum! Kibao cha namba ya gari kikatetemeka kwa kelele. Kijana mmoja wa mtaani, Keynan, akaja mbio. "Sasa mzee! Kwani injini imekufa?"

"Yawa!" Norah akatoka ameziba masikio. "Huu ni wimbo wa akina mama au wa fahali aliyepotea?"

Watu wakacheka, lakini Winny hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Baba, siwasikii. Hata Mama simsikii. Kesho nitapanda gari la Phares."

Maneno yale yalimchoma Zedekiah hadi mfupani. Watu walipotawanyika alijifungia garini, akaupiga wimbo tena, akitega sikio aipate sauti ya Norah. Hakuipata. Alichokisikia ni yeye mwenyewe tu, naye hakuelewa hata neno moja alilokuwa akiimba. Akakumbuka: na wengine wana midomo. Akageuza gari, akarudi Gikomba.

Nzivo alimwona akishuka garini. Aliinama chini ya meza yake ya useremala, akatoa kipande cha mbao cha mviringo.

"Hiki nini?" Zedekiah akauliza.

"Ni kile nilichokikata kwenye boksi lako. Sikukitupa, mzee. Nilijua kitarudi kutafutwa."

Zedekiah akacheka mpaka akashika kiuno, huku aibu ikimtoka kidogo kidogo. Bomba likachomolewa, kipande kikarudishwa mahali pake kwa gundi na skrubu, boksi likazibwa kote.

Asubuhi ya harusi alimsihi bintiye. "Panda kwanza. Tukifika barabara kuu kama huwasikii mama zako, nitasimama mwenyewe uhamie kwa Phares."

Winny alipanda shingo upande. Wimbo ukaanza. Akaisikia sauti ya Norah ikitangulia, kisha akina mama wote wakaitikia, kila mmoja na sauti yake, hata yule mwenye mafua. Ubeti wa pili ukafika, na chini ya sauti zile ikatandikwa besi, taratibu, kama mkeka uliowekewa wageni: *Nenda salama, mtoto wetu, mlango wetu uko wazi.*

"Baba!" Winny aliruka kitini. "Kumbe ni wewe? Kumbe ulikuwa unaimba maneno?"

"Ulidhani nafanya nini?"

"Jana nilidhani ni mlio wa boksi tu!"

Barabara kuu ikapita, gari halikusimama. Winny alimwekea baba yake mkono begani kutoka nyuma, akamwambia aurudie wimbo, na Zedekiah akaendesha huku machozi yakimtiririka bila haya mpaka Fedha.

Ibada ilipokwisha, Phares alifungua milango ya gari lake uwanjani, na wufa yake ikanguruma hadi vumbi likapanda. Pale hapakuhitajiwa maneno, palihitajiwa miguu, na Zedekiah alicheza hadi koti likamvuka.

"Mzee," Phares akamtania, "nilitoboe tena lile boksi lako?"

"Thubutu!" Zedekiah akajibu akihema. "Lako livume huku nje, langu liimbe kule ndani. Kila ndege, bwana, huruka kwa ubawa wake."