Aliyeiuliza Jezi

"Kabla hujaulaumu mguu, iulize jezi."

Kocha aliisema mara moja tu asubuhi ile, wachezaji wa timu ya wasichana ya Ngoro walipokuwa wakimzonga kipa wao, Skolastika, kwa bao aliloliachia mazoezini. Akapuliza filimbi, akaenda zake. Wasichana walipofika stoo kurudisha vifaa, walimwuliza Mzee Stoo maana yake, kwa sababu ndiye mkongwe kuliko wote pale klabuni. Mzee aliwataka kwanza wamalize kumtenganishia vizibao vya mazoezi, vyekundu huku na vya kijani huku, kama alivyowaomba kila siku. Kisha akavuta kiti chake cha plastiki hadi mlangoni.

"Methali nyingi mama zao hatuwajui," akasema. "Hii mama yake tunamjua, na cherehani yake ipo mpaka leo. Sikilizeni ilivyozaliwa."

Gaudensia Kapinga alikuwa fundi cherehani pale Mbinga mjini, na watu walimwita Mama Egno kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na, kwa miaka kumi na mmoja, jezi za Ngoro FC, timu iliyopewa jina la yale mashimo ya kilimo cha milimani ambayo Wamatengo wanajivunia kuliko chochote. Mpira wenyewe hakuujua. Mpaka anazeeka hakuelewa kuotea ni nini, na si kwamba hawakumweleza. Lakini kila mechi ya nyumbani alikaa nyuma ya benchi, sindano kwenye kola, maana jezi huchanika. Wengine walizikumbuka mechi kwa mabao. Yeye alizikumbuka kwa rangi. Ukimtajia mechi ya Njombe angekuuliza, "Ile ya wenye bluu iliyopauka?"

Miaka hiyo Ngoro walivaa nyeupe tupu. Walipopanda daraja, Mwenyekiti Ditram Kinunda alisema timu kubwa haiwezi kuvaa kama watoto wa kutumikia misa. Akamtaka Mama Egno abuni jezi ambayo mtu akiiona, hata akiwa mbali, ajue imetoka kwenye nchi ya kahawa. Mama Egno hakuifanyia mzaha kazi hiyo. Alikwenda Songea na jani la mbuni kwenye pochi, akapita duka kwa duka akililinganisha na kila jora, mpaka akapata kijani kile kile kizito. Namba za mgongoni akazipa wekundu wa buni iliyoiva. Siku jezi zilipoonyeshwa, wazee wa ushirika walisimama kupiga makofi. Hakuwahi kushona kitu kizuri hivyo maishani mwake, na mwenyewe alilijua hilo.

Kiungo wa Ngoro wakati huo alikuwa kijana mpole, Osmund Ndunguru. Pasi yake ilikufikia kama mtu anayekukabidhi yai. Timu ilipanda kwa mguu wake, na hapakuwa na ubishi. Mechi ya kwanza ndani ya jezi ya kijani alicheza vizuri, na ya pili vizuri. Ya tatu aliwapa wageni mpira mara nne, na mara ya nne ukaishia wavuni. Kocha akasema labda ana homa. Ya nne akawa yule yule wa zamani. Ya tano akaharibu tena, wakafungwa mabao mawili, tena kwa pasi safi kabisa, zilizopimwa, zikamfika mshambuliaji wa wageni mguuni kana kwamba ameziagiza.

Hapo maneno yakaanza. Mtu anayekosea hupiga mpira ovyo, wakasema, huyu anawakabidhi. Ameuza mechi. Na lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwenyekiti akaandika barua ya kwenda chama cha mpira cha mkoa kuomba Osmund afungiwe maisha. Ingesomwa Ijumaa mbele ya wanachama, isainiwe, iende. Mji mdogo haumsahau mtu aliyeuza timu yake, na kijana angebaki bila mpira na bila pa kuuweka uso wake.

Jumatano alikuja kwa Mama Egno na jezi mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimeirudisha namba sita. Nimeshaifua."

"Marahaba. Nani kakutuma uirudishe?"

"Hakuna. Naona aibu kukaa nayo."

Mama Egno hakuwa mtu wa kuzunguka. "Uliwapa mpira kwa nini?"

"Sikuwapa, mama. Nilimpa Bosco, mshambuliaji wetu. Nilimwona Bosco kwa macho yangu. Mpira unafika, naona siye Bosco."

Mshono wa kwapa ulikuwa umeachia na namba imebanduka pembeni. Mama Egno hakuweza kufikiri mikono ikiwa mitupu, kwa hiyo aliivuta jezi akaanza kuitengeneza. "Nipe uzi mwekundu hapo kwenye kopo," akasema. Osmund akachagua, akampa. Ulikuwa wa kijani.

Akadhani kijana amevurugwa na majonzi. Akaurudisha, akaomba tena. Safari hii Osmund aliliinamia kopo muda mrefu, akatoa wa kahawia.

Sindano ikasimama. Mama Egno akaanza kuzipanga mechi kichwani kwa namna yake. Ya kwanza, wageni walivaa bluu: vizuri. Ya pili, njano: vizuri. Ya tatu, nyekundu. Ya nne, nyeupe yenye mistari myeusi: vizuri. Ya tano, damu ya mzee. Akazirudia tena kuanzia mwanzo, na jibu likawa lile lile.

"Nyumbani kwenu ulichuma kahawa?" akauliza.

"Walinikataza." Osmund alitabasamu kidogo. "Nilikuwa nachanganya mbichi na mbivu. Marehemu baba alinichapa mpaka akachoka, akasema mimi mvivu. Baadaye nikajifunza kuziminya, maana iliyoiva ni laini. Lakini ukiminya moja moja utamaliza shamba lini? Ndiyo nikakimbilia mpira."

Alikuwa na miaka ishirini na minne na hajui. Alidhani watu wote wanakisia, ila wenzake ni hodari wa kukisia kuliko yeye.

Mama Egno aliitazama jezi mapajani mwake. Kusema kweli, uchungu wa kwanza alioupata haukuwa wa kijana, ulikuwa wa jezi. Ile rangi aliyoitafuta Songea nzima, pamoja na nyekundu ya wageni, kwa macho ya huyu mtoto vilikuwa kitu kimoja. Yeye ndiye aliyemvisha giza kisha wakamtuma akatafute wenzake humo. Angenyamaza, barua ingekwenda na jezi ingebaki nzuri. Alijionea aibu kwamba wazo hilo lilimpitia, akainuka akaenda kutafuta kikapu.

Ijumaa ukumbi wa ushirika ulijaa. Mwenyekiti alipomaliza kusoma barua na kushika kalamu, Mama Egno alisimama na kikapu chake.

"Mwenyekiti, naomba dakika tano."

"Mama Egno, haya si mambo ya cherehani."

"Ni ya cherehani matupu."

Hakungoja ruhusa. Akazimwaga buni mezani, juu ya barua yenyewe, mbichi na mbivu zikiwa zimechanganyika, akamwita Osmund na kumpa rula yake ya kukatia nguo. "Usiziguse. Nionyeshe kwa rula zilizoiva."

Osmund akaonyesha. Mbichi. Mbivu. Mbichi. Mbichi tena. Wakulima wakaangua kicheko, kisha kicheko kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha, kwa sababu hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua kwamba hata mtoto wa miaka minne hakosei hivyo. Osmund aliusikia ukimya. Akaiweka rula chini.

"Ninyi mnaziona?" akauliza taratibu. "Wote?"

Mwenyekiti Kinunda akakohoa. "Anayeweza kuuza mechi hashindwi kuigiza."

"Sawa," Mama Egno akasema. "Jumapili wanakuja wageni wengine wenye nyekundu. Mpangeni, na timu ivae nyeupe."

"Nyeupe zipi? Zile tuliwagawia watoto wa shule."

"Nitashona."

"Jezi kumi na sita kwa siku mbili?"

"Sijauliza siku ni ngapi, Mwenyekiti. Nimesema nitashona."

"Na akiwapa tena mpira?"

"Akiwapa tena, liandikeni na jina langu kwenye barua hiyo, chini ya lake. Jezi ile niliichagua mimi, niliipenda, na bado naipenda. Lakini kijana huyu mmemhoji wiki nzima, na nguo mliyomvisha hamjaihoji hata siku moja. Kabla hujaulaumu mguu, iulize jezi."

Mwenyekiti alizitazama zile buni. Akaokota kiganja kimoja cha mbichi, akazitia kwenye mfuko wa kushoto wa koti. "Kila atakapompa mwenye nyekundu mpira, nitahamisha moja upande wa kulia," akasema. "Zikifika tatu, nasaini pale pale uwanjani."

Mama Egno alichukua kitambaa cha mashati ya shule, akakata. Wazazi waliofuata sare waliambiwa warudi wiki ijayo, na mmoja alimtolea maneno, naye akaendelea kukanyaga cherehani. Nembo za timu hazikuwepo nyingine, kwa hiyo alizifumua kwa wembe kutoka kwenye zile jezi za kijani, moja moja, na kila nembo iliyotoka iliacha shimo mahali pa moyo. Hapo alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga. Jumamosi mchana mkanda wa cherehani ukakatika. Akauunga kwa waya. Kitambaa cheusi cha namba kikawa haba, na namba kumi na nne ikatoka nyembamba kama ina njaa. Jumapili saa saba alifika uwanjani na furushi kichwani.

Timu ilipoingia watu walicheka, wakasema wanafunzi wamekuja. Osmund alisimama katikati ya uwanja, akageuka polepole akiwatazama wenzake, kisha wageni. Mpira ulipomfikia mara ya kwanza, Mama Egno alikuwa ameshikilia sindano yake kwa nguvu mpaka ikamchoma. Osmund akainua kichwa mara moja tu. Mpira ukavuka nusu ya uwanja, ukamkuta Bosco anakimbia, ukamtangulia hatua moja kama ilivyokuwa zamani.

Hawakushinda. Ilikuwa sare ya bao moja kwa moja, na bao walilofungwa lilitokana na kona. Lakini mpaka filimbi ya mwisho, mfuko wa kulia wa Mwenyekiti Kinunda haukuwa na kitu.

Kesho yake Mwenyekiti alikwenda dukani kwa Mama Egno na barua ile ile. Hakuichana, karatasi ilikuwa nzuri na nyuma yake ilikuwa tupu. "Niandikie hapa rangi unazotaka," akasema.

"Mimi nimeshachagua mara moja, ikatosha. Achague mwenye macho yake."

Akamwita Osmund, akatandika kitambaa chekundu juu ya meza, na juu yake akapanga vipande vya bluu, vya nyeupe na vya njano. Osmund hakuchelewa. Akaweka kidole kwenye njano. "Hii inaniita kabla sijaitafuta," akasema. Tangu siku hiyo Ngoro wanavaa njano, wanaume, na sasa wasichana.

Mzee Stoo akaishia hapo. Hyasinta, nahodha, ambaye ndiye aliyekuwa amemsema kipa kuliko wenzake, akauliza, "Na Osmund mwenyewe aliishia wapi, babu?"

Mzee aliinuka kwenye kiti, akatazama marundo mawili ya vizibao yaliyokuwa sakafuni.

"Hyasinta, rundo la kijani ni lipi?"

Wasichana wakatazamana. Hyasinta alimwonyesha kwa kidole, na mzee akainama akalichukua.

"Asante. Miaka arobaini nauliza hivyo hivyo, na sijawahi kuchapwa tena."

Skolastika alikuwa bado amekaa peke yake kwenye ngazi ya nje. Hyasinta alimfuata, akaketi kando yake. "Hebu nione glavu zako," akasema. Skolastika alizitoa kwapani. Zilikuwa za timu ya wanaume, vidole vimezidi kwa pingili nzima, na kiganja cha kulia kimepasuka kutoka upande hadi upande. Hyasinta alizigeuzageuza muda mrefu, uso wake ukimwaka kwa aibu, kisha akazibeba hadi stoo na kumkabidhi mzee.

"Babu," akasema, "kabla hujaulaumu mguu, iulize jezi."