Nani Ampe Jina Binti wa Sekela?

Haya, sogeeni. Aliyeshika simu aiweke mfukoni. Leo sisimulii ili mlale. Leo nina kesi, na mahakimu ni ninyi. Kazi yangu ni kusema yaliyotokea, kazi yenu ni kukata shauri. Mmekubali? Sawa. Atakayesinzia atahukumu vibaya, shauri yake.

Huko juu Makete, kunakolimwa viazi na pareto, kipupwe si mchezo. Ninyi mnaolalamikia baridi huku feni inazunguka, nyamazeni. Kule mwezi wa saba unaamka majani yamekuwa meupe, na maji ya kwenye ndoo yameganda juu. Ndiyo maana watu hujiandaa mapema. Kuni zinapangwa, nyufa zinazibwa, mablanketi yanaanikwa. Asiyejiandaa anakohoa mpaka mahindi yapandwe.

Lutengano na mkewe Sekela hawakujiandaa, na msiseme uvivu. Sekela alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike, njiti, mdogo mpaka ukimtazama unaogopa kupumua. Akiba yote ya kumalizia nyumba ikaishia hospitali. Siku ya kuruhusiwa nesi alimwambia Sekela, "Dada, mtoto huyu hana ugonjwa. Adui yake ni baridi. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na chumba kiwe na joto mchana na usiku. Na msimsafirishe, hata kama kuna ndugu wanaokaa kwenye joto. Akipigwa na baridi njiani, hatutamwona tena."

Na nyumba yenyewe sasa! Matofali mabichi, haina lipu, dirisha ni shimo tu, na kati ya ukuta na bati paka anapita bila kuinama. Lutengano alikaa juu ya tofali akashika kichwa. Hela ya mfuko mmoja wa saruji hakuwa nayo.

Sasa tegeni masikio, maana kesi yote imelala hapa. Kwenye ukoo wa Lutengano, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hapewi jina mpaka kipupwe cha kwanza kipite. Akikivuka, anaitwa jina analotaka yule aliyemvusha. Si baba, si mama. Aliyemvusha. Na huyo anakuwa mzazi wa pili. Mtoto akikua anamlimia, anamuuguza uzeeni, na siku ya kumzika ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Kwa hiyo watu wakigombea jina msiwacheke.

Wa kwanza kufika alikuwa Tupokigwe, dada yake Lutengano. Kipaji chake ni udongo. Ukuta akiukandika Tupokigwe, hata sisimizi lazima abishe hodi. Aliwahi kuolewa, akaachwa kwa kuwa hakuzaa, na mnawajua wanakijiji, midomo haikosi la kusema. Alikuja na jembe begani.

"Kaka, mbona unajiinamia kama umefiwa? Udongo unauzwa?"

"Hauuzwi."

"Mavi ya ng'ombe je?"

"Nani atanunua?"

"Basi saruji unayo. Inuka."

Akachanganya udongo na mavi ya ng'ombe na majivu, akakandika ndani na nje. Mabua ya pareto akayafunga mafungu mafungu, akayashindilia pale juu alipokuwa anapita paka. Viroba vitupu vya mbolea akavishona, vikawa dari. Lile shimo la dirisha akalijenga kwa matofali, akalikandika pia. Mikono yake ilipasuka ikatoka damu, naye akaendelea. Upepo ukabaki nje unalia peke yake.

Wa pili ni Anganile, mdogo wake Lutengano, na kipaji chake ni moto. Anachoma mkaa wa miti ya miwati. Sitaficha, alikuwa pia mtu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, tena si kidogo, na hapakuwa na mtu kijijini wa kumwachia hata mbuzi amchungie. Alikuja na magunia ya vumbi la mkaa, lile linalobaki tanurini.

"Shemeji," akamwambia Sekela, "hiki wenzangu wanakitupa. Mimi nitakupikia joto kwa takataka."

Akalikanda lile vumbi na udongo wa mfinyanzi, akafinyanga madonge, akayaanika. Donge likishika moto halizimi upesi. Kila siku aliliwasha jiko nje, akalingoja mpaka liive vizuri, ndipo akaliingiza chumbani, na mlango wakauacha wazi kidogo. Na tangu siku ya kwanza hakuonja ulanzi. Walipomuuliza alisema, "Siwezi kuwasha moto wa mtoto mkono ukitetemeka." Mimi niliposikia hivyo nilimpenda, nawaambia ukweli.

Nesi akapanda mlima kuja kumpima mtoto. Akacheka peke yake. Mtoto ameongezeka! Sekela alilia, Lutengano akatoka nje ili asionekane naye analia.

Wa tatu ni Bibi Ezelina, mama mzazi wa Sekela, mtu wa Kyela, kule kwenye joto na mpunga. Kipaji chake ni kulea vifaranga, na kingine ni ubishi. Huyu aliitwa tangu mwanzo akakataa. Alikuwa amenuna. "Nilimwambia asiolewe kwenye baridi, hakunisikia. Na anijue sasa." Kipupwe kilikuwa kimefika nusu ndipo moyo ukamlainika, akapanda gari akaja. Mikono mitupu. Mtu wa Kyela, hata kibaba cha mchele hana! Jamani.

Alifika alasiri moja mbaya, manyunyu na ukungu, baridi ya kukata masikio. Na siku hiyo hiyo kila mtu alikuwa amezidisha wema. Asubuhi Tupokigwe aligundua tundu la mwisho juu ya mlango, akaliziba, akaufunga mlango na kutundika blanketi juu yake. Anganile naye, kwa kuwa nje kunanyesha, aliliwashia jiko ndani, tena akaongeza madonge. Lutengano hakuwepo, alikuwa kwenye kibarua cha kuchimba viazi.

Bibi akaingia, joto likamkumbatia. Akamkuta binti yake amekaa kitandani, mtoto kifuani, kichwa kimeinama.

"We Sekela! Mama yako nimefika, hata shikamoo hakuna?"

"Kichwa, mama," Sekela akasema taratibu. "Kichwa kinaniuma. Nataka kulala."

Bibi akamgusa mtoto shavuni. Mtoto hakushtuka. Akambana kidole cha mguu. Kimya.

Hapo Bibi akalivuta blanketi likaanguka, akaufungua mlango. Tupokigwe akaja mbio akaufunga.

"Mama, tafadhali! Mtoto atapigwa na baridi!"

"Fungua mlango, mwanangu."

"Sifungui! Sisi tumehangaika hapa, wewe ulikuwa wapi?"

Bibi alikuwa amekumbuka banda lake la vifaranga. Mwaka mmoja nyuma alipoteza vifaranga wake wote, banda limefungwa vizuri, jiko la mkaa ndani, na asubuhi akawakuta wamelala kama walioshiba. Moshi hakuuona, harufu hakuisikia, kumbe hewa mbaya ya mkaa ndiyo iliyowaua. Akalikamata jembe la Tupokigwe mwenyewe, akalipiga lile dirisha lililojengwa. Pu! Pu!

"Anabomoa nyumba ya kaka yangu! Anganile, mshike!"

Anganile akamshika mkono kweli. Bibi akamng'ata. Naam, mkwe wa watu, akamng'ata mpaka akamwachia. Pu! Matofali yakaanguka nje, ukungu ukaingia. Bibi akamkumbatia binti yake pamoja na mtoto, akaupiga mlango teke, akawaburuta mpaka barazani.

Mtoto kimya. Bibi akamsugua mgongo, akampulizia usoni. Kimya. Kisha akapiga chafya moja ndogo, akalia. Sekela akatapika, naye akaanza kulia. Anganile alikimbia ndani akalitoa jiko kwa mikono mitupu, akaungua, hata hakusikia. Tupokigwe alikaa chini kwenye matope akasema, "Ningemuua. Kwa mikono yangu hii ningemuua."

Baada ya hapo hawakugombana tena. Moto bila dohani haukuingia nyumba ile. Anganile alijenga jiko la udongo, akaviringisha bati kuukuu likawa bomba, akalipitisha pale pale palipobomolewa. Tupokigwe akakandika kulizunguka. Bibi alikaa mlangoni kama askari, akihakikisha hewa inaingia. Kipupwe kikaisha, na mtoto ana mashavu ya kufinywa.

Ikaja habari ya jina, na wa kutamka ni nani aliyemvusha mtoto ni Lutengano.

Tupokigwe akasema, "Kaka, moto bila ukuta ni kupasha joto mlima mzima. Joto nililifunga mimi. Na sina mtoto. Siku nikifa, jina langu linafukiwa na mimi."

Anganile akasema, "Ukuta bila moto ni kaburi tu. Watoto ninao, namshukuru Mungu. Ila sijawahi kuaminiwa na mtu. Mkinipita hapa, mtakuwa mmesema mimi ni yule yule mlevi."

Bibi Ezelina akasema, "Bila mimi jina mngeliandika msalabani. Sitaki langu. Nataka la marehemu mama yangu. Mmetuchukulia binti, mjukuu hata mmoja hajaitwa jina la kwetu."

Naona wengine mmeshainua mikono. Shusheni kwanza. Wewe unayesema Bibi, bila wale wawili mtoto angekufa zamani, Bibi akiwa bado amenuna Kyela. Unayesema Tupokigwe, mkono uliokandika ukuta ndio ulioufunga mlango. Unayesema Anganile, moto ni wake, na hewa mbaya ilitoka kwenye moto wake. Na yule pale nyuma anayenong'ona "mama mzazi je?" nimekusikia. Sekela amembeba kifuani kipupwe kizima, lakini mila yao haimpi mama jina. Mama amepewa mtoto mzima. Wala msiniletee habari ya majina matatu. Ukoo ule mtoto ana jina moja na mzazi wa pili mmoja, basi.

Jumapili imefika. Kanisa limejaa. Tupokigwe, Anganile na Bibi wamekaa benchi moja, hawatazamani. Mchungaji amechota maji kwa kiganja, anamgeukia Lutengano.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Lutengano anamtazama dada yake, mdogo wake, mkwe wake. Anajua kwamba akitamka moja, wawili atawavunja moyo, na ni watu waliomwokolea mwanawe. Maji yanavuja kwenye vidole vya mchungaji. Sekela anamgusa kiwiko, "Sema, baba."

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Haya, hakimu, simama wewe pale mbele. Mtoto yuko mikononi mwako, watatu wanakutazama, na mchungaji anauliza kwa mara ya pili.

Sema. Unamwita jina la nani?