Mazuku ya Cheektowaga

Theluji ilikuwa imekwisha kufunika mapaa ya kitongoji cha Cheektowaga, huko ughaibuni, siku wachimbaji walipofika na mashine yao mbele ya nyumba ya Murhula. Mkewe, Bulonza, alisimama nyuma ya pazia la sebuleni, mikono kiunoni, asibandue macho. Aliona mtaro ukichimbwa kutoka barabarani mpaka ukutani kwake, na bomba la manjano likilazwa humo kama nyoka anayetafuta pa kuingilia. Moyoni alijiambia kwamba watu hawahangaiki na ardhi iliyoganda bila kuwa na lao jambo.

Nyumba hiyo waliinunua kwa mzee mmoja wa Kipolandi, baada ya miaka mingi ya kupanga mtaa wa West Side, mjini. Joto lake lilitoka kwenye tanuri la mafuta lililokaa chumba cha chini ya ardhi, zee, jeusi, lenye kunguruma mchana na usiku. Bulonza alilipenda. Mafuta yalionekana, yalinuka, na lori lililoyaleta lilijulikana. Murhula ndiye aliyetaka waachane na mafuta watumie gesi kama majirani wote, na tanuri jipya lilikuwa limekwisha kuagizwa.

"Miye sitalala na gaz ndani ya nyumba," Bulonza alisema jioni ile kwa Kiswahili cha kwao. "Mazuku njo ile ile. Haina rangi, haina sauti. Unasikia tu mutu ameanguka."

"Bon, mama Jolie, hii haiko mazuku," Murhula alijibu. "Kule West Side tulikuwa tunaota gaz kila siku, weye hukujua tu."

"Uongo!"

Bulonza hakusema ovyo. Alikulia Sake, karibu na volkano, ambako upepo mbaya uitwao mazuku hutoka ardhini na kujilaza mabondeni, ukiua kila anayeuvuta. Asubuhi moja mdogo wake alishuka bondeni kumfuata mbuzi, na mtoto na mbuzi wakakutwa wamelala pamoja kana kwamba wamesinzia. Tangu siku hiyo hakuamini kitu asichokiona.

Sasa shaka zikamjaa. Alimshuku Murhula kuwa amelishwa maneno. Alimshuku jirani aliyeisifia gesi huku akichekacheka. Binti yao Jolie, aliyeolewa mji wa Columbus, alipotuma sauti kwenye simu kwamba eti huko kuna nyumba imeruka, imelipuka kwa gesi, mama mtu hakuuliza ni ya nani wala ya mtaa gani. Hata kile kidude cheupe cha kengele, cha kulia hewa ikiwa na sumu, ambacho mafundi walikibandika ukumbini, alikitoa betri mara tu walipoondoka. Aliona kwamba kitu kilicholetwa na watu wa gesi hakiwezi kuwashtaki watu wa gesi.

Aliyemtia wasiwasi zaidi ni mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko. Bibi huyo alilala chumba cha ghorofa ya chini, dirisha lake likitazamana na lile bomba. Bulonza alijua kwamba mazuku hulala chini, na dawa yake ni kupanda. Basi akamhamishia kwenye chumba kidogo cha juu kabisa, ambako dohani ya matofali, ya kutolea moshi, ilipita ukutani na kuufanya uwe vuguvugu. Alifunga dirisha, akaziba kila ufa kwa vipande vya vitenge. Harufu hafifu ya mafuta mle chumbani ilimpa moyo, kwa kuwa aliizoea.

"Hapa haitakufikia, mama," alisema, akamfunika miguu kwa mapenzi.

Wiki haikuisha, Koko akaanza kuumwa kichwa na kutapika. Jumapili kanisani alichangamka, akaimba na kupiga makofi kuwashinda wasichana, lakini aliporudi chumbani kwake alilegea tena.

"Si nilisema?" Bulonza alimkaripia mumewe. "Gaz imeanza kazi yake."

"Lakini bomba hawajalifungua! Bado iko tupu!"

"Njo vile banakudanganya."

Asubuhi ya tufani ya theluji, Bulonza alipanda ngazi na chai ya maziwa, akamkuta Koko hageuki, mdomo wazi, mkono umening'inia kando ya kitanda. Kikombe kikamtoka. Alimwona tena mdogo wake kule bondeni, akapiga yowe. Murhula alikuja mbio, wakambeba bibi mpaka nje, wakawapigia zimamoto. Gari la wagonjwa lilimchukua Koko pamoja na Murhula. Bulonza alibaki, maana alitaka adui ashikwe.

Mtu wa zimamoto alishuka garini na kipimo cha hewa yenye sumu mkononi. Bulonza alimvuta mkono hadi kwenye bomba la manjano. Kipimo kikakaa kimya. Akamwambia apime tena, na tena, hata yule mtu akamwacha na kuelekea ngazini. Ukumbini kipimo kilianza kulia. Mlangoni mwa chumba cha Koko kikapiga kelele za kuumiza masikio. Mtu yule aling'oa vitambaa, akafungua dirisha wazi, kisha akamweleza polepole, akionyesha kwa mkono. Ndani ya dohani matofali yalikuwa yameporomoka. Moshi wa tanuri la mafuta ulikosa pa kutokea, na hewa yake yenye sumu, isiyo na rangi, ilikuwa ikipenya ukutani humo siku zote.

Bulonza aliketi kwenye ngazi. Aliwaza jinsi alivyomshika mama yake mkono kumpandisha pale, akalia kwa sauti mbele ya wageni.

Jioni, hospitalini, Koko alifumbua macho, mpira wa hewa puani.

"Ile mazuku iliingilia wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haikuingia, mama. Ilikuwa ndani, kwa ile mafuta yetu. Na miye njo nilikupeleka kwayo, nikafunga na dirisha."

Koko alimgeukia. "Na wale batu ba bomba, ulibashuku bure?"

"Bure, mama."

Bulonza aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye shuka. Muda wote huo alikuwa ameilinda njia ya barabarani, akamwacha anayemuua mama yake ndani ya nyumba, huku yeye mwenyewe akiota moto wake. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.